Hewa ya Sumu Itokayo Motoni

Katika karne ya nne baada ya Kristo, Julian, aliyekuwa ametumwa na kaisari wa Rumi kuitawala nchi ya Gallia, ambayo leo twaiita Ufaransa, alikaa msimu wa baridi katika mji mdogo uliokuwa kwenye kisiwa cha mto Seine. Mji huo wakati ule uliitwa Lutetia. Leo ndio Paris. Baridi ya mwaka ule ilipita kiasi. Mtoni vilielea vipande vya barafu mfano wa mawe ya marumaru, vikisongamana hata vikakaribia kuwa daraja. Julian alipenda kuuzoeza mwili wake taabu, na kwa hiyo aliwakataza watumishi wasikipashe moto chumba alimolala. Lakini baridi ilipozidi aliridhia kuletewa makaa machache. Kichwa kikamwia kizito, usingizi ukamshika, na lau watu wake wasingalimtoa nje upesi, historia ya Rumi ingalikwenda njia nyingine. Waganga walimshauri atapike chakula alichokula. Akatapika, akapata nafuu, na kesho yake akaweza kufanya kazi zake kama desturi.

Habari hii aliisimulia Julian mwenyewe miaka michache baadaye, alipokuwa amekwisha kuwa kaisari. Neno linalostahili kuangaliwa na msomaji ni sababu aliyoitoa. Hakuyatia makaa hatiani kwa sumu yao wenyewe, bali alisema kwamba joto lake liliutoa unyevu uliojificha kutani, na mvuke wa unyevu huo ndio uliompanda kichwani. Waganga nao walishughulika na tumbo. Katika chumba kile kulikuwa na mkosaji mmoja, naye ndiye pekee ambaye hakutajwa.

Julian aliuawa vitani mwaka 363, na askari wakamtawaza Jovian mahali pake. Mfalme huyu mpya hakukaa hata mwaka mmoja. Mnamo Februari 364, akiwa safarini katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alilala usiku mahali paitwapo Dadastana, na asubuhi akakutwa amekufa kitandani. Mwandishi wa historia Ammianus Marcellinus alitaja sababu tatu zilizosemwa na watu: huenda aliuawa na harufu ya chokaa mbichi iliyopakwa ukutani, huenda kichwa kilimvimba kwa moshi wa makaa mengi yaliyowashwa chumbani, au huenda alikula kupita kiasi. Mara hii makaa yametajwa, lakini yamewekwa katikati ya chokaa na shibe, kama shahidi mmoja kati ya watatu wasiopatana. Sisi leo hatuwezi kumfufua Jovian tukampima damu, na mwanahistoria mwenye haki hana budi kuliacha jambo hilo hapo lilipo.

Toka siku za Julian hata sumu hii ilipojulikana ni kitu gani ilipita zaidi ya miaka 1,400. Si kwamba watu wa kale walikosa akili. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho au koo. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, na neno hilo ni la kweli. Lakini hawakusema kwamba pasipo moshi pana salama, na wengi wetu tumeishi kana kwamba walisema hivyo.

Mwaka 1776 mkemia Mfaransa aitwaye de Lassone aliipata hewa hii katika majaribio yake, akaiona ikiwaka kwa ulimi wa moto wenye rangi ya samawati. Akadhani ni haidrojeni. Mwaka 1800 Mwingereza William Cruickshank, mwalimu wa kemia katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, alionyesha kwamba hewa hiyo haina haidrojeni kabisa, bali ni kaboni na oksijeni tu. Mimi ni mwalimu wa historia, na wenzangu wa kemia watanisamehe nikilieleza jambo hili kwa njia nyepesi. Kuni, makaa, mafuta ya taa na gesi zote zina kaboni. Moto ukipata hewa ya kutosha, kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni, na kinachotokea ni kaboni dayoksaidi, ile ile tuitoayo puani. Moto ukinyimwa hewa, kaboni nyingine huambulia chembe moja tu ya oksijeni, na hapo ndipo izaliwapo kaboni monoksaidi. Kwa hiyo hewa hii ya sumu ni mtoto wa moto wenye njaa.

Mtu wa kwanza kueleza jinsi inavyoua alikuwa tabibu na mwanasayansi wa Paris, Claude Bernard, ambaye mwaka 1857 alichapisha masomo yake juu ya sumu. Damu ya kawaida hutoka mapafuni ikiwa nyekundu ya kung'aa, nayo hurudi moyoni ikiwa imefifia, kwa kuwa imekwisha kutoa oksijeni yake njiani. Bernard aliona kwamba katika mnyama aliyeuawa na kaboni monoksaidi damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa pande zote, ikienda na ikirudi. Akatambua kwamba hewa hii imeifukuza oksijeni katika damu, ikakaa mahali pake.

Ili kulielewa jambo hilo, fikiria mahamali wa bandari ya Mombasa. Kazi yao ni kuchukua mizigo melini, kuitua ghalani, na kurudi kuchukua mingine. Chembe nyekundu za damu ni mahamali wa namna hiyo, na mzigo wao ni oksijeni. Kaboni monoksaidi ni mzigo unaomng'ang'ania hamali mgongoni. Hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hamali huyo aonekana ana shughuli, apanda na kushuka, lakini ghala halipati kitu. Ndiyo sababu mtu aweza kufa kwa kukosa oksijeni huku akivuta pumzi vizuri, na ndiyo sababu ngozi ya aliyekufa kwa sumu hii mara nyingi huwa na wekundu kama wa mtu mwenye afya njema.

Maarifa hayo yalikaa vitabuni karibu miaka arobaini kabla ya kuteremka chini ya ardhi, mahali yalipohitajiwa zaidi. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza kulikuwa na milipuko mara kwa mara, na watu waliamini kwamba waliokufa waliuawa na moto au kwa kishindo cha mlipuko wenyewe. Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa makini alikuwa John Scott Haldane, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1860 na kufundisha Oxford. Tarehe 27 Januari 1896 mgodi wa Tylorstown, katika nchi ya Wales, ulilipuka, na watu 57 wakafa. Haldane alikwenda akazitazama maiti moja moja, pamoja na maiti za farasi waliokuwa wakivuta magari ya mgodini. Wengi walikuwa na ule wekundu alioueleza Bernard. Basi si mlipuko uliowaua, bali hewa iliyobaki nyuma yake. Na baadhi yao walikuwa wamekwenda mwendo wakitafuta njia kabla ya kuanguka. Jambo hili lilikuwa zito kwa watu wa Wales, kwa maana lilionyesha kwamba wengi waliohesabiwa kuwa wamekufa papo hapo walikuwa hai kwa muda, na huenda wangaliokolewa.

Haldane hakuzungumza kwa kubahatisha. Mwaka uliotangulia, 1895, alikuwa ameivuta sumu hiyo yeye mwenyewe katika maabara, akipima damu yake hatua kwa hatua, hata zaidi ya nusu ya nguvu ya damu yake ya kuchukua oksijeni ilipokuwa imetekwa. Sisemi kwamba ni mfano wa kufuatwa, nami sitaki kusikia kwamba mwanafunzi yeyote amejaribu. Yeye alikuwa na wasaidizi kando yake, na alijua wakati wa kuacha. Lakini alichokiona ni kiini cha habari hizi zote. Alipokuwa ameketi kimya hakuona taabu kubwa. Alipojaribu kupanda ngazi, pumzi zilimtoka na moyo ukamwenda mbio. Baadaye macho yalififia, miguu ikakataa kumchukua bila msaada, na akili nayo ikalegea. Sumu nyingine humwambia mtu kwa maumivu kwamba ameingiliwa. Hii huanza kwa kumnyang'anya kile kitu ambacho kingemwambia.

Ikiwa hisia za binadamu haziaminiki, yafaa kutafuta shahidi mwingine. Wachimba migodi walikuwa na taa zao, na kwa taa hizo waliweza kuitambua ile gesi ilipukayo. Lakini mwali wa taa huendelea kuwaka vizuri katika hewa yenye kaboni monoksaidi ya kutosha kuua. Haldane akageukia viumbe vidogo. Panya mdogo hupumua upesi sana kuliko mtu, na damu yake huzunguka upesi vivyo hivyo. Sumu inayomchukua mtu muda mrefu humpata panya mara moja. Katika jaribio moja lenye hewa ya sumu kiasi cha sehemu 4 katika 1,000, panya alizimia katika dakika chache, naye Haldane alikaa karibu nusu saa kabla hajapatwa na udhaifu kama ule. Baadaye ikaonekana kwamba ndege aitwaye kanari, wa jamaa ya chiriku, ni bora kuliko panya, kwa kuwa panya huweza kujikunja akatulia, na katika giza la mgodi ni vigumu kujua kama amelala au amezimia. Ndege huyumba juu ya kijiti chake, kisha huanguka, na hakuna asiyemwona.

Kanari walishuka migodini mwa Uingereza kuanzia miaka ya kwanza ya karne ya ishirini. Siku hizo zilikuwa mbaya. Tarehe 10 Machi 1906 mgodi wa Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, uliua watu 1,099 kwa siku moja, na wengi wao waliuawa na hewa ya sumu. Wenzao 13 walitoka wenyewe baada ya siku 20 gizani, wakati ulimwengu ulikuwa umekwisha kuwalilia. Haldane, ambaye hakupenda kumwua mlinzi wake bure, aliwaundia ndege hao kizimba chenye chupa ndogo ya oksijeni juu yake. Ndege akianguka, mlango hufungwa, oksijeni hufunguliwa, naye huamka.

Lakini mimi na wewe, msomaji, hatuishi mgodini. Tuone sasa jinsi hewa hii ilivyopewa mlango wa kuingia nyumbani.

Makaa yaliingia zamani, kama tulivyoona. Gesi ilifuata. Mwaka 1812 kampuni ya kwanza ya gesi ilipewa hati ya serikali mjini London, na mabomba yakaanza kutandazwa chini ya njia ili kuleta mwanga wa taa. Gesi hiyo ilitengenezwa kwa kuyaoka makaa ya mawe, na ndani yake mlikuwa na kaboni monoksaidi iliyokwisha kutengenezwa tayari. Yaani hata kabla ya kuwashwa, ilikuwa ni sumu. Mwaka 1855 huko Heidelberg, Robert Bunsen na fundi wake Peter Desaga walitengeneza kile kichomeo ambacho kila mwanafunzi wa sekondari amekishika kwa mkono wake katika maabara. Ukikumbuka, kina tundu chini la kuingizia hewa. Tundu likifunguliwa, mwali huwa wa samawati na mkali. Likifungwa, mwali huwa wa manjano, hulegea, na hupaka masizi chini ya chupa. Katika tundu lile dogo imo elimu yote ya hita za gesi. Mwali wa manjano katika hita iliyopaswa kuwaka kwa samawati ni moto unaolia njaa.

Mwaka 1868 Benjamin Waddy Maughan, aliyekuwa mpaka rangi mjini London, alibuni chombo cha kupasha maji kwa gesi papo hapo yanapopita. Alikipa jina la chemchemi za maji moto za Iceland, geyser. Watu wa mjini walifurahi, maana sasa mtu aliweza kuoga maji moto bila ya kumwamsha mtumishi apande na ndoo. Ila chombo hicho cha kwanza hakikuwa na dohani. Kila kilichotoka motoni kilibaki katika chumba cha kuogea, ambacho kwa desturi ni chumba kidogo kuliko vyote, chenye mlango uliofungwa na dirisha lililofungwa. Nimekuwa nikijiuliza kama Maughan alikuwa amepata kusikia habari za Bernard, ambaye kitabu chake kilikuwa kimetoka miaka kumi na moja kabla. Vitabu vya wataalamu na vyombo vya mafundi mara nyingi hukaa katika mitaa miwili isiyoamkiana.

Dohani yenyewe, hata inapokuwapo, si ulinzi mpaka iangaliwe. Émile Zola, mwandishi mkuu wa Ufaransa, aliyejulikana duniani kote kwa barua yake ya mwaka 1898 ya kumtetea Kapteni Dreyfus aliyehukumiwa kwa uongo, alirudi nyumbani kwake Paris kutoka shambani mnamo Septemba 1902. Nyumba ilikuwa na ubaridi, watumishi wakawasha moto wa makaa katika chumba cha kulala. Usiku mkewe, Alexandrine, aliamka akiwa na kichwa kinachouma na tumbo linalochafuka. Akataka watumishi waamshwe. Mumewe alimzuia: akaona si jambo la kuwasumbua watu usiku, labda ni chakula tu, na asubuhi wote wawili watakuwa wazima. Baadaye aliinuka, labda kwenda kufungua dirisha, akaanguka sakafuni. Asubuhi ya tarehe 29 mlango ulivunjwa. Alexandrine alikuwa angali na pumzi, akapona. Zola alikuwa amekufa.

Angalia jinsi mambo yanavyofanana. Kati ya Julian na Zola imepita miaka zaidi ya 1,500, na bado mtu msomi, mwenye macho makali kuliko wengi wa zama zake, anapokuwa ndani ya chumba chenye sumu hii, hulitupia lawama tumbo. Taarifa ya Haldane juu ya Tylorstown ilikuwa imekwisha kutolewa miaka sita kabla. Nayo isingalimfaa hata kama angaliisoma, maana wakati alipoihitaji akili yake, akili ilikuwa imekwisha kutekwa.

Wachunguzi waliuwasha tena moto katika chumba kile kile na kuwaweka humo simbilisi, wale wanyama wadogo wanaotumiwa maabara. Wanyama hao walipona. Dohani ikabomolewa, na masizi yaliyoonekana hayakutosha kueleza kifo. Basi ikaandikwa kwamba ni ajali. Kwa kuwa Zola alikuwa na maadui wengi, wako walioshuku kwamba dohani ilizibwa kwa makusudi na kuzibuliwa asubuhi, na mwaka 1953 gazeti moja la Paris lilitoa habari za fundi aliyedaiwa kukiri hivyo kabla ya kufa. Ushahidi wa namna hiyo, wa marehemu aliyemwambia mtu aliyekuja kusema baadaye, ni mwepesi mno kwa mizani yangu. Lakini hata mwenye kuusadiki huona jambo moja: kwamba kuziba kijia cha moshi kwa usiku mmoja kulitosha, na kwamba kiota cha ndege au tofali lililoanguka lingaliweza kufanya kazi ile ile bila chuki yoyote.

Katika karne ya ishirini gesi yenyewe ilibadilika. Nchini Marekani watu walianza kutumia gesi asilia inayochimbwa ardhini, ambayo haina kaboni monoksaidi ndani yake, wala harufu. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, gesi ilivuja chini ya sakafu ya shule bila mtu kujua, ikalipuka alasiri na kuua watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo sheria ikaamuru gesi itiwe dawa yenye harufu mbaya. Harufu ile unayoisikia unapofungua mtungi wa gesi jikoni si ya gesi. Imetiwa kwa makusudi, ili pua ikuonye.

Lakini desturi hiyo njema imezaa kosa lake. Watu wamezoea kuiamini pua, wakadhani kwamba gesi isiponuka hakuna baya. Harufu huonya juu ya gesi ambayo haijawaka. Ikiisha kuwaka, dawa ile nayo huteketea motoni, na kaboni monoksaidi inayozaliwa katika mwali hutoka bila dalili yoyote. Kati ya miaka 1967 na 1977 Waingereza waliiacha gesi yao ya makaa na kuhamia gesi asilia, mafundi wakipita nyumba kwa nyumba kubadilisha vyombo. Sumu iliyokuwa ikija kwa bomba ikakoma. Iliyobaki ni ile inayotengenezwa na hita yenyewe inapokosa hewa, na hiyo haikukoma.

Mwaka 1994 jambo hili lilidhihirika kwa kifo cha Vitas Gerulaitis, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa tenisi wa Australia mwaka 1977. Alikuwa amelala katika nyumba ndogo ya wageni kwa rafiki yake, karibu na New York, mwezi Septemba. Hita iliyomwua haikuwa chumbani mwake. Ilikuwa ya kupashia maji ya kidimbwi cha kuogelea, na bomba lake la kutolea hewa chafu lilifungwa vibaya, hata hewa hiyo ikapata njia ya kuingia nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Na kwetu Kenya? Nyumba za wazee wetu zilikuwa na moshi mwingi, na moshi huo ulikuwa na madhara yake kwa macho na mapafu. Lakini nyumba yenye paa la nyasi hupumua pande zote. Tumejenga nyumba za mawe na mabati, tukatia vioo madirishani, tukaziba nyufa, na ni vema. Ila hatukuweka dohani, maana desturi ya dohani si yetu. Kisha twaingia humo na moto ule ule. Katika miezi ya Juni na Julai, Limuru na Kinangop na Molo, watu hulisubiri jiko nje mpaka moshi uishe, halafu hulibeba ndani makaa yakiwa mekundu na safi, wakifunga mlango wakalala. Moshi ulioisha ndio uliokuwa ukipiga kelele; makaa yanayong'aa bila moshi yaendelea kuitoa sumu kwa wingi. Jiko la udongo na bati lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambalo sasa limeenea nchini kote, ni chombo kizuri cha kupunguza gharama ya makaa, lakini halikukusudiwa kuiondoa hewa hii, wala haliiondoi.

Wengine wameliacha jiko na kushika mtungi, wakiona kwamba gesi ni safi. Ni safi kweli, ikilishwa. Gesi ya mtungini ina ulafi mkubwa wa hewa kuliko watu wadhanivyo: lita moja ya gesi hiyo yahitaji zaidi ya lita 20 za hewa ili iwake sawasawa. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutokea nje hula hewa ya chumba kile kile wanamolala watu, na kwa kadiri inavyoila, ndivyo moto wake unavyozidi kuona njaa. Kipasha maji kilichofungwa katika bafu bila bomba ni chombo cha Maughan cha mwaka 1868 kilichofufuka. Masizi juu ya hita, mwali uliogeuka manjano, madirisha yanayotoa jasho bila sababu, na kichwa kinachowauma watu wa nyumba nzima, kisha kikapoa wakitoka nje, hizo ndizo dalili chache zilizopo. Hapa kwetu mtu aumwaye kichwa na kutapika ataita malaria, kama vile Julian alivyoita unyevu na Zola alivyoita chakula. Malaria hainyamazi mtu anapotoka mlangoni.

Anayekutwa katika hali hiyo hutolewa nje kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali, hata akisema amekwisha kupona, kwa sababu sumu haitoki damuni mara moja. Katika hewa ya kawaida huchukua saa nne au tano kupungua kwa nusu tu. Akipewa oksijeni tupu, nusu hiyo hutoka kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Jambo hili nalo lina Haldane ndani yake. Mwaka ule ule wa 1895 alimweka panya katika chombo chenye kaboni monoksaidi pamoja na oksijeni iliyoshindiliwa mara mbili ya kani ya hewa, na panya akaishi, kwa kuwa oksijeni ya kutosha ilikuwa imeyeyuka katika majimaji ya damu bila kuhitaji hamali. Mwaka 1960 madaktari wa Glasgow walieleza jinsi walivyowatibu watu kwa njia hiyo.

Ndege wa Haldane walistaafu. Mwaka 1986 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kanari wa mwisho migodini, wapatao 200, wangeondolewa na mahali pao pawekwe vyombo vya umeme. Wachimbaji walihuzunika, maana walikuwa wamezoea kuwapigia mbinja wakiwa kazini. Chombo cha namna hiyo kikafuata njia ile ile iliyofuatwa na gesi, yaani kutoka mgodini hadi nyumbani. Oktoba 1994, majuma mawili baada ya kifo cha Gerulaitis, amri iliyopitishwa mapema mwaka ule mjini Chicago ilianza kutumika, ikizitaka nyumba ziwe na kengele ya kaboni monoksaidi. Uingereza ilichelewa. Wenye nyumba za kupangisha walilazimishwa mwaka 2015 kuweka kengele katika vyumba vyenye moto wa makaa au kuni, na vyumba vyenye hita za gesi viliachwa nje ya sheria hiyo mpaka Oktoba 2022.

Kengele yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja cha mkono. Ndani yake mna kihisi ambacho hushikana na sumu na kutoa umeme kidogo, na umeme ukizidi kipimo, kengele hulia kwa sauti ya kumwamsha mtu usingizini. Kihisi hicho huzeeka, kwa kawaida baada ya miaka mitano hadi kumi, na kikizeeka hakianguki kijitini kama kanari. Taa yake yaweza kuendelea kuwaka kama kawaida. Kwa hiyo watengenezaji huandika nyuma yake mwaka unaopasa kubadilishwa.